Kughafilika na Kupuuza: Hatia Isiyo na Kusudi katika Riwaya ya Tolstoy, Ufufuo

Katika kitabu cha kwanza cha Ufufuo, riwaya ndefu ya mwisho ya Leo Tolstoy iliyochapishwa mwaka 1899, mwanamke anahukumiwa miaka 4 ya kazi ngumu huko Siberia kwa sababu ya maneno machache ambayo hakuna aliyekumbuka kuyaandika. Jopo la raia walioketi pamoja na majaji limekwisha kukubaliana kwamba Katyusha Maslova, kahaba, alimnywesha mfanyabiashara Smelkov pombe iliyotiwa unga, na kwamba hakujua kuwa unga ule ni sumu. Aliambiwa ni dawa ya usingizi, naye alichotaka ni mgeni wake alale ili aende zake. Msemaji wa jopo anaandika kwamba mshtakiwa ana hatia, ila hakuwa na nia ya kuiba. Kwamba hakuwa na nia ya kuua, hakuandikwi. Karatasi inapofika mezani pa majaji, kisheria Maslova amekwisha kuwa muuaji.

Tukio hili aghalabu husomwa kama kejeli dhidi ya mahakama za Urusi ya wakati wa wafalme, na kejeli imo kwa wingi. Viktor Shklovsky, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1917, aliitaja mahakama ya Ufufuo miongoni mwa mifano ya mbinu ya Tolstoy ya kukifanya kilichozoeleka kionekane kigeni. Lakini usomaji unaoishia kwenye kejeli hupita juu juu ya jambo ambalo mwandishi amelifanyia kazi kwa uangalifu mkubwa zaidi: kila mtu aliyeshiriki katika kosa hilo amepewa kiwango chake cha ujuzi. Wapo wasioliona kosa. Yupo aliyeliona akaliacha lipite. Na yupo, naye ndiye mhusika mkuu, ambaye si rahisi kusema kama hakuliona au hakutaka kuliona. Hakuna hata mmoja wao aliyekusudia Maslova apelekwe Siberia. Kwa hiyo swali la nia, ambalo jopo lilishindwa kulijibu sawasawa kuhusu mshtakiwa, linawarudia waamuzi wenyewe.

Wanasheria wana mpaka wa zamani katika eneo hili la hatia isiyo na kusudi. Upande mmoja yupo mtu ambaye hatari haikumpitikia akilini, ingawa mtu mwangalifu angeiona. Upande wa pili yupo aliyeiona hatari, naye akaendelea. Kiswahili cha mahakamani na cha magazeti mara nyingi huwaweka wote wawili chini ya neno uzembe, au huwafunika kwa kirai kuua bila kukusudia. Neno uzembe halifai kazi hii. Maana yake ya msingi ni uvivu, na mtu anaweza kuwa mchapakazi hodari naye akasababisha kifo kwa kutoona. Kutojali nako ni tata, maana mtu anaweza asijali asichokijua, na anaweza asijali anachokijua vyema. Hata hivyo lugha ina vitenzi viwili ambavyo wasemaji wake hawavichanganyi: kughafilika na kupuuza. Sarufi yenyewe ni shahidi. Kughafilika kuna umbo la kauli ya kutendeka; ni hali inayompata mtu, naye hughafilika na jambo kama anayepitiwa na usingizi. Kupuuza ni kitenzi elekezi: lazima pawe na kitu kinachopuuzwa, na hakuna awezaye kupuuza onyo ambalo hakulisikia. Asemaye kwamba dereva alipuuza ubovu wa breki amekwisha kudai, kwa kuchagua kitenzi hicho tu, kwamba dereva aliujua.

Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inautambua mpaka huu bila kuupa jina moja. Kifungu cha 206 kinahesabu kuwa dhamira ya uovu, yaani sharti la kosa la mauaji, ule ujuzi kwamba kitendo yamkini kitaleta kifo au madhara makubwa, hata kama mwenye ujuzi huo hakujali litakalotokea, na hata kama alitamani kifo kisitokee. Huyo ndiye mwenye kupuuza. Kifungu cha 202 kinamweka katika kosa la chini zaidi yule ambaye, kwa kughafilika kunakostahili lawama, aliacha kutimiza wajibu wa kulinda uhai. Adhabu ya kosa la kwanza ni kifo, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika shauri la Muruatetu mwaka 2017 jaji halazimiki tena kuitoa. Upeo wa adhabu ya kosa la pili ni kifungo cha maisha, na chini ya upeo huo jaji ana uwanja mpana. Lakini ukifika kifungu cha 243, kinachohusu uendeshaji wa magari miongoni mwa mengine, pupa na kughafilika vimewekwa katika sentensi moja na kupewa adhabu moja. Sheria, basi, haijaamua mara zote kwamba tofauti hiyo ina uzito. Tolstoy aliamua.

Sababu za kosa la jopo anaziorodhesha kwa sauti kavu ya karani. Jaji kiongozi, baada ya kuhutubia kwa muda mrefu na kueleza hata mambo ambayo kila mtu anayajua, hakusema lile alilozoea kulisema siku zote, yaani kwamba jopo laweza kumwona mtu ana hatia ya kitendo lakini hana nia ya kuua. Kanali mmoja alisimulia kwa urefu mno habari za mke wa shemeji yake. Nekhlyudov alikuwa amefadhaika. Pyotr Gerasimovich, aliyemtetea Maslova kwa nguvu, alikuwa ametoka chumbani wakati majibu yaliposomwa. Na zaidi ya yote, kila mtu alikuwa amechoka na anataka kwenda zake. Uzito wa orodha hii umo katika udogo wa vipengele vyake. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuitwa uovu. Mwandishi wa kiwango cha chini angempa mmoja wa wanajopo rushwa au chuki, ili msomaji apate pa kuweka hasira yake. Hapa msomaji ananyimwa mahali hapo. Analazimika kukabili hatia iliyokatwa vipande vidogo mno, hata kila mwenye kipande anaweza kukitia mfukoni akarudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Kwa jaji kiongozi mambo ni mengine. Mtu huyu ana makosa mawili, nayo si ya aina moja. Alipoacha kuwapa wanajopo maelekezo alighafilika. Akili yake ilikuwa kwa mwanamke wa Kiswisi mwenye nywele nyekundu aliyekuwa akimngoja hotelini hadi saa kumi na mbili jioni. Lakini anapolisoma jibu la jopo, analitambua kosa papo hapo. Anawaambia wenzake kwamba hiyo ni kazi ngumu, ilhali mwanamke hana hatia. Anakitaja hata kifungu cha sheria kinachoiruhusu mahakama kutengua uamuzi wa jopo usio wa haki. Kuanzia hapo mlango wa kughafilika umefungwa. Jaji wa pili, mtu mpole mwenye mazoea ya kubashiri mambo kwa kuangalia kama namba hugawanyika kwa tatu, anaitazama namba ya hati iliyo mbele yake. Haigawanyiki, lakini kwa wema wa moyo anakubali kutengua. Jaji wa tatu, aliyegombana na mkewe asubuhi ile kwa ajili ya fedha za matumizi, anakataa katakata: magazeti yanasema tayari kwamba majopo yanawaachilia wahalifu, yatasemaje mahakama nayo ikifanya hivyo? Jaji kiongozi anatazama saa yake. Inasikitisha, lakini litafanywa nini?

Saa hiyo inastahili kuangaliwa zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa shauri ndiyo inayoeleza kwa nini alisahau. Mwishoni ndiyo inayoeleza kwa nini alikumbuka akaacha. Kifaa ni kilekile na tamaa ni ileile, ila hatia zimekuwa mbili. Mhakiki anayeziunganisha na kuziita uzembe wa mahakama amefanya kama msemaji wa jopo: ameacha kuandika maneno machache. Tolstoy hakumruhusu msomaji kughafilika katika hili, maana mara baada ya hukumu anamkutanisha Nekhlyudov na jaji huyo akiwa katika kuondoka. Jaji anamweleza kwa adabu kwamba kwa Maslova palikuwa na njia mbili tu, ama karibu aachiliwe huru, ama kazi ngumu, na katikati hapakuwa na kitu. Kama jopo lingeongeza kwamba hakuwa na nia ya kuua, angeokoka. Anayasema hayo akitabasamu, kisha anaangalia saa.

Na Maslova mwenyewe? Riwaya haimwachi nje ya kipimo hiki. Alimpa mtu mlevi unga asioujua, aliopewa na mtumishi wa hoteli. Ikiwa kipimo ni yale ambayo mtu mwangalifu angeyaona, jibu linaweza kuwa zito dhidi yake. Kipimo hicho kimekwisha kujaribiwa katika sheria ya Uingereza, ambayo mahakama za Kenya ziliisoma kwa muda mrefu, na matokeo yake yanafundisha. Mwaka 1957, katika shauri la Cunningham, mtu aliyeng'oa mita ya gesi ili aibe fedha zilizokuwamo, gesi ikavujia nyumba ya pili na kumdhuru mkazi wake, alifutiwa hatia kwa kuwa jopo halikuelekezwa kuuliza kama yeye mwenyewe aliiona hatari ile. Mwaka 1981, katika shauri la Caldwell, Baraza la Malodi liliamua kwamba hata asiyeifikiria kabisa hatari iliyo dhahiri kwa wengine ahesabiwe kuwa ameipuuza. Miaka miwili baadaye msichana wa miaka 14 aliyekuwa na matatizo ya kujifunza, naye aliunguza kibanda, alitiwa hatiani kwa kipimo hicho, ingawa hangeiona hatari hata kama angetua na kufikiri. Caldwell ilitenguliwa mwaka 2003, katika shauri la wavulana wa miaka 11 na 12 waliowasha magazeti nyuma ya duka na moto ukaenea. Kwa miaka 22, katika makosa ya kuharibu mali, kughafilika kuliitwa kupuuza kwa amri ya mahakama. Lugha ilitikiswa, na walioumia ni watoto.

Tolstoy yuko upande wa swali la mwaka 1957, lakini namna anavyolishika ni ya ajabu kidogo. Riwaya ina uwezo ambao mahakama haina, wa kuingia moyoni mwa mhusika na kusema alichokijua. Kuhusu usiku wa kifo cha Smelkov uwezo huo hautumiki. Kifo hakisimuliwi moja kwa moja. Kinajulikana kwa hati ya mashtaka na kwa maelezo ya mashahidi na washtakiwa. Msomaji yuko katika kiti cha jopo, anamsikiliza Maslova akisema kwamba alidhani ni dawa ya usingizi, na inambidi amwamini au asimwamini. Uwezo wa kuingia moyoni mwandishi ameuwekea akiba mtu mwingine.

Mtu huyo ni Dmitri Nekhlyudov, mwanajopo, ambaye miaka kadhaa nyuma alimharibu Katyusha nyumbani kwa shangazi zake wakati wa Pasaka, akampa rubo 100, akaenda vitani. Je, aliijua hatari aliyomwachia? Noti ile inajibu. Mtu hamlipi mwenzake kwa madhara ambayo hayajampitikia akilini. Baadaye, akipita tena kwa shangazi zake, anaambiwa kwamba Katyusha alijifungua na ameharibika; kwanza anafikiri kumtafuta, yeye na mtoto, lakini kwa kuwa wazo hilo lilimuumiza na kumwaibisha, hafanyi juhudi ya kutosha, na hatimaye anasahau. Hapa ndipo vitenzi viwili vinapokutana katika mtu mmoja. Kusahau kwa Nekhlyudov ni kughafilika kulikotengenezwa kwa mikono, siku baada ya siku, na fundi wake ni kupuuza. Anapoketi mahakamani na kumtambua, kweli ni mtu aliyekuwa hamkumbuki. Ukweli huo haumsaidii.

Ndiyo maana sehemu yake katika kosa la jopo ni ngumu kuliko ya kanali au ya msemaji. Msimulizi anasema wazi kwamba Nekhlyudov hakuona upungufu wa jibu kwa sababu ya mfadhaiko. Alidhani maneno kuhusu wizi yanatosha kumwondolea Maslova hatia yote. Kwa kipimo cha sheria huku ni kughafilika. Lakini hukumu inapotamkwa, kuna hisia inayopita ndani yake ambayo Tolstoy anaifananisha na ndege aliyejeruhiwa katika mfuko wa mwindaji: Siberia ingemfanya ndege huyo aache kupapatika. Kama Maslova angeachiliwa, angebaki mjini humo, na Nekhlyudov angelazimika kuamua jinsi ya kuishi karibu naye. Je, mtu anayenufaika kwa kutoona amekosa kuona kwa bahati tu? Riwaya hailijibu swali hilo kwa sentensi moja. Inamtuma Nekhlyudov magerezani, kwa mawakili, hadi Senate huko Petersburg ambako rufaa inatupwa, na hatimaye Siberia, ili alijibu kwa miguu.

Sehemu ya pili ina tukio ambalo wahakiki hulitaja kwa haraka mno. Wafungwa wanatembezwa hadi kituo cha reli katika joto kali la Julai. Baadhi yao wanakufa kwa jua, na Nekhlyudov anawaona wawili. Anatafuta muuaji, na kila anayemfikia ana hati. Mmoja aliamuru msafara uondoke siku hiyo, mwingine aliwahesabu watu, wa tatu aliwapokea na kuwaongoza. Kila mmoja wao, anafikiri Nekhlyudov, asingekuwa afisa angesita mara nyingi kabla ya kuwapeleka watu barabarani katika joto kama lile, na angemwona mtu anayedhoofika akamtoa kwenye safu, akampa maji na kivuli. Hili ni wazo zito kuliko linavyoonekana. Jopo lilighafilika kwa uchovu na Nekhlyudov kwa raha. Maafisa hawa wanaghafilika kwa kazi: cheo kimekuwa chombo cha kuzuia hatari isiwapitikie akilini, ingawa jua linawachoma wao pia. Sheria inayouliza tu kama wazo la hatari liliingia katika kichwa cha mtu itawaachilia wote. Sheria inayouliza kama lilipaswa kuingia itawatia wote hatiani kwa kiasi kimoja, karani pamoja na mkuu wa msafara.

Mikhail Bakhtin, katika dibaji aliyoiandikia riwaya hii mwaka 1929, aliiita riwaya ya kijamii na kiitikadi, akaona kwamba fikra inayoipanga ni kwamba mwanadamu hana haki ya kumhukumu mwanadamu mwenzake. Kuhusu hitimisho la kitabu Bakhtin hakukosea. Epigrafu zake nne zinatoka katika Injili za Mathayo, Yohana na Luka, na ukurasa wa mwisho unamwacha Nekhlyudov akisoma Hotuba ya Mlimani. Lakini kama hakuna anayepaswa kuhukumu, kwa nini msimulizi ahukumu kwa usahihi hivyo? Kwa nini atofautishe jaji aliyesahau na jaji aliyekumbuka, na kumwandikia kila mwanajopo sababu yake? Mhubiri anataka mizani ivunjwe. Msanii ameshinda kurasa nyingi akiinoa iwe kali kuliko ya mahakama yoyote. Mgongano huo ni udhaifu wa itikadi ya kitabu na ni nguvu ya usanii wake, na msomaji anayefuata itikadi peke yake atafika mwisho akiwa amesamehe asichokielewa.

Somo hili lina kazi katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ambamo kosa la mhusika huelezwa mara nyingi kwa jina la jumla. Zakaria katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ni mfano wa karibu. Imezoeleka kusema kwamba malezi yake mabaya ndiyo yaliyomfikisha Rosa kwenye kujiua. Lakini Zakaria anayempiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana anaona hatari moja tu, ile ya wavulana, na kwa hatari ya kipigo chenyewe ni kipofu. Zakaria mlevi, anayemwachia Regina mzigo wa nyumba, anauona mzigo huo kila anaporudi, na kesho yake anakwenda kunywa tena. Katika tendo la kwanza ameghafilika. Katika la pili amepuuza. Hukumu juu yake haiwezi kuwa moja, na pengine ile ya ulevi, ambayo wahakiki huipitia kama rangi ya mandhari tu, ndiyo inayostahili kuwa nzito zaidi.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na wanaotafsiri vifungu vya adhabu wanalikuta tatizo hili likiwangoja. Karatasi ya jopo la Maslova ni jaribio zuri la istilahi zao. Hebu maneno yaliyosahaulika yaandikwe kwa Kiswahili cha sasa cha mahakamani: ana hatia, lakini bila kukusudia kuua. Maslova ameokolewa na kazi ngumu ya Siberia. Lakini kirai hichohicho kingeweza kuandikwa juu ya mtumishi aliyejua kwamba ule unga ni sumu na akatumaini kwamba kipimo hakitoshi kuua, na hakuna neno hata moja ndani yake la kumjulisha jaji ni yupi kati ya wawili hao amesimama kizimbani.